Kuajiri watu wakutengenezee gemu: pesa inakwenda wapi?

Wateja wengi wakitupigia simu hutaja gemu wanayoipenda, mara nyingi Stardew Valley, kisha huuliza bei ya kutengenezewa kama hiyo. Wamesikia ilitengenezwa na mtu mmoja, basi wanatarajia bei ndogo. Ni kweli Eric Barone alichora, akatunga muziki na kuandika programu yote mwenyewe. Lakini kazi ilimchukua zaidi ya miaka minne hadi alipoitoa mwaka 2016, na muda huo hakujilipa mshahara. Wewe ukiajiri watu, kila mwezi unaopita una mshahara wake.

Vifaa vya kazi si mzigo. Programu ya kutengenezea gemu ya Godot ni bure, na nyingine kama hiyo, Unity, ina toleo lisilolipiwa kwa wenye mapato madogo. Kuweka gemu Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ni dola 100, akaunti ya Google Play ni dola 25 mara moja tu, Apple dola 99 kwa mwaka. Pesa nyingi inakwenda kwa watu.

Chukua mfano wa gemu ndogo ya kompyuta hapa Tanzania: developa (mwandishi wa programu) mmoja kwa shilingi milioni 1.8 kwa mwezi, mchoraji mmoja kwa milioni 1.2, miezi minane. Hapo tayari ni milioni 24. Ukiwaajiri rasmi, mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10 unaongeza milioni 2.4. Muziki na sauti, tuseme milioni 2 kwa kazi nzima. Jumla milioni 28.4, na sisi huwa tunamshauri mteja atenge robo ya ziada, maana ratiba ya gemu huteleza karibu kila mara. Inafika milioni 35.5. Viwango vyako vinaweza kutofautiana na hivi, ila namna ya kupiga hesabu ni hiyohiyo.

Kinachowashangaza wengi zaidi ni michoro. Mhusika mmoja anatembea, anakimbia, anaruka, anapiga, anapigwa, anakufa: vitendo sita. Kila kitendo kikiwa na picha nane, hizo ni picha 48. Gemu ikionekana kutoka juu na mhusika akageukia pande nne, zinakuwa 192, na huyo ni mmoja tu, hatujagusa maadui. Kwa hiyo mteja akituambia katikati ya kazi, "Mwongezeeni na upanga," kwake ni kitu kidogo, lakini mchoraji anarudi kwenye picha zote zile na developa anaanza kupima mapigano upya. Ndiyo maana mkataba wetu unataja idadi ya wahusika na ya hatua (sehemu za gemu anazozipita mchezaji), na nyongeza ina bei yake. Tunaandika pia kwamba michoro na programu ni mali ya mteja akimaliza kulipa. Usikubali kuanza kazi na yeyote bila kipengele hicho.

Wapo wanaopendekeza kuwalipa watu kwa mgawo wa mauzo badala ya mshahara. Sisi hatushauri hivyo. Kodi ya nyumba haisubiri gemu itoke, na developa akipata kazi ya kulipwa mwezi wa nne ataondoka, tena ana haki. Anayekuja nyuma yake atatumia wiki kadhaa kusoma kazi ya mwenzake kabla hajaongeza chochote.

Sasa upande wa mauzo. Ukiuza kwa dola 5 Steam, wao wanachukua asilimia 30, unabaki na dola 3.5 kabla ya kodi na marejesho ya wanunuzi. Tukichukua dola kuwa shilingi 2,500 kwa urahisi wa hesabu, ni shilingi 8,750 kwa nakala. Kurudisha milioni 35.5 unahitaji kuuza nakala zaidi ya 4,000, na hapo hujalipia tangazo hata moja.

Kama kiasi hicho ni kikubwa kwako sasa, anza na toleo la majaribio: hatua moja, mhusika mmoja, miezi miwili. Kwa viwango vya hapo juu, mishahara yake ni milioni 6. Wape watu wacheze, uangalie wanakwama wapi na kama wanaomba kurudia, ndipo uamue kuhusu pesa zilizobaki. Ukija kwetu, leta ukurasa mmoja wa maelezo ya gemu na kiwango cha juu unachoweza kutoa. Tutakuambia papo hapo kipi kinawezekana ndani yake na kipi kipunguzwe.