Ukiunda Sukhoi, Chagua Mwaka Kabla ya Kuchagua Nyota

Modeli nyingi za ndege za kivita za Urusi, yaani Sukhoi (Su) na MiG, zinazoletwa dukani kwetu kwa ushauri zina kasoro moja. Gundi imekaa, rangi imepulizwa kwa mkono mzuri, lakini ndege yenyewe haijawahi kuruka popote duniani. Nyota, ile alama ya jeshi la anga la Urusi, ni ya baada ya 2010, maandishi ya ubavuni hayaendani na nyota hiyo, kombora chini ya bawa ni la toleo jingine la ndege, na namba imechukuliwa kwa ndege ya tatu. Kila kipande ukikitazama peke yake ni sahihi. Ukivikusanya ndipo vinapogombana.

Chanzo ni karatasi ya dekali, yaani zile alama za kubandika kwa maji. Boksi la vipande vya kuunda Su-27 au MiG-29 mara nyingi huja na alama za ndege kadhaa kwenye karatasi moja, na karatasi zinazouzwa peke yake huwa na nyingi zaidi. Mtu huchagua zinazomvutia: namba nyekundu kutoka hapa, nembo ya kikosi kutoka pale. Ndege za Urusi haziko tayari kusamehe mchanganyiko huo, kwa sababu ndani ya miaka michache tu jeshi lao la anga lilibadili nyota, jina, mfumo wa namba na rangi.

Tuanze na nyota. Ndege za Muungano wa Kisovieti zilivaa nyota nyekundu yenye ukingo mweupe na mstari mwembamba mwekundu nje yake. Muungano ulivunjika 1991, lakini Urusi iliendelea na nyota hiyo hiyo kwa karibu miaka ishirini. Mwaka 2010 ndipo buluu ilipoongezwa, ili nyota ibebe rangi zote tatu za bendera ya Urusi. Usidhani siku ya pili yake ndege zote zilikuwa zimepakwa upya. Ndege mpya ilitoka kiwandani na nyota mpya. Ndege ya zamani ilisubiri zamu yake ya matengenezo makubwa. Ndiyo maana picha za 2011 au 2012 zinaweza kuonyesha nyota za aina mbili kwenye uwanja mmoja. Ukikataa kutafuta picha ya ndege yako, unabahatisha. Kwa Su-27 na ndugu zake, nyota hukaa sehemu sita: juu ya mbawa zote mbili, chini ya mbawa zote mbili, na nje ya mapezi mawili ya mkia.

Miaka hiyo hiyo yakaja maandishi. Ubavuni ukiona ВВС РОССИИ, hilo ni Jeshi la Anga la Urusi. (Ndiyo, tumeulizwa kwa nini ndege ya Kirusi imeandikwa BBC. Ni herufi zao tu zinazofanana na zetu.) Tarehe 1 Agosti 2015 jeshi la anga liliunganishwa na kikosi cha ulinzi wa anga za juu, likazaliwa jeshi liitwalo VKS, na ndege zikaanza kuandikwa ВКС РОССИИ. Basi Su-35S yenye maneno hayo mapya katika onyesho unalosema ni la 2013 ni kosa, hata kama rangi umeipatia kabisa.

Namba nazo ziko mbili, na wengi huzichanganya. Ile kubwa ya tarakimu mbili, iliyo karibu na pua au kwenye mdomo wa kuingizia hewa, ni namba ya ndege ndani ya kikosi chake. Rangi yake ni sehemu ya utambulisho: 05 nyekundu na 05 ya buluu ni ndege mbili tofauti, pengine za viwanja vilivyo mbali kama mbingu na ardhi. Ile ndogo inayoanza na RF na kufuatiwa na tarakimu tano ni namba ya usajili, na ndege za jeshi zilianza kuibeba mnamo miaka hiyo hiyo ya mageuzi. Ukiunda MiG-29 ya miaka ya tisini, RF iache kwenye karatasi. Ukiunda ya miaka ya karibuni na ukaikosa RF, mtazamaji makini ataanza kukuuliza maswali.

Sasa kuna kipindi kimoja kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko vyote, na ndicho tunachowapendekezea wanaoanza: kambi ya Hmeimim, karibu na Latakia nchini Syria, vuli ya 2015. Urusi ilianza mashambulizi ya anga huko tarehe 30 Septemba 2015 ikiwa na Su-24M, Su-25, Su-34 na Su-30SM. Nyingi ya ndege hizo zilikuwa zimefunikwa nyota na namba kwa rangi. Kwa fundi wa modeli hii ni nafuu na mtego kwa pamoja. Nafuu, kwa sababu karatasi ya dekali ya bei ghali hutaihitaji. Mtego, kwa sababu rangi ya kufunikia haikulingana sawasawa na ile ya chini yake, kwa hiyo pale nyota ilipokuwa palibaki baka lenye kivuli tofauti kidogo. Pulizia kwanza rangi yote, kisha rudi na tone la rangi iliyokolezwa au kupauzwa kidogo upake umbo la baka. Maandishi madogo ya mafundi yaliyotapakaa mwilini yanabaki. Hayo hakuna aliyeyafuta.

Halafu silaha. Wiki za mwanzo Su-34 za Hmeimim zilikuwa zikipaa bila makombora ya kupigana na ndege nyingine. Tarehe 24 Novemba 2015 ndege ya F-16 ya Uturuki ilidungua Su-24M mpakani mwa Syria, na rubani, Luteni Kanali Oleg Peshkov, akauawa. Siku chache baadaye, mwishoni mwa Novemba, Su-34 zilianza kuonekana zikiwa na makombora ya kujilinda dhidi ya ndege nyingine, R-73 na R-27, pamoja na mabomu yao. Kwa hiyo ndege ile ile, kambi ile ile, ukisema Oktoba haina R-27, ukisema Desemba inaweza kuwa nayo. Su-35S usiiweke kabisa katika onyesho la 2015. Huko ilifika mwanzoni mwa 2016.

Kwenye makombora ndiko tunakotumia muda mwingi zaidi na wateja, kwa hiyo tuvumiliane. Su-27 ya kawaida ina sehemu kumi za kutundika silaha, yaani vishikio: mbili katikati ya tumbo, moja nyuma ya nyingine, mbili chini ya midomo ya hewa, nne chini ya mbawa, na mbili kwenye ncha za mbawa. Mzigo wake kamili wa mapambano ya angani ni R-27 sita na R-73 nne. R-73 ndilo dogo, linalofuata joto, na hukaa nje: ncha za mbawa na vishikio vinavyofuata. R-27 ndilo kubwa lenye mapezi ya kati yanayopanuka kuelekea ncha, na huwezi kulikosea. Ila lina sura mbili. R-27R lina kichwa cha rada chenye ncha. R-27T lina kichwa cha joto, butu, chenye kioo mbele.

Tofauti hiyo inaamua mahali pa kulitundika. Kombora la rada linaweza kusukumwa kutoka tumboni, likadondoka kidogo, kisha injini yake ikawaka. La joto lazima liwe limeshaona shabaha yake likiwa bado limeshikwa na ndege, kwa hiyo huondoka kwa kuteleza kwenye reli. Hapo chini ya tumbo la Su-27 hakuna reli. Matokeo: R-27T hukaa chini ya mbawa tu. Ukiona modeli yenye vichwa vya kioo vilivyojipanga katikati ya injini mbili, aliyeiunda alifuata idadi ya vipande kwenye boksi bila kujiuliza vinafanyaje kazi.

Kosa jingine ni R-77, lile lenye mapezi ya nyuma kama wavu. Linapendeza, na maboksi mengi ya Su-27 hulitia. Lakini Su-27 ya awali, ile ya enzi za Kisovieti, haikuweza kulitumia. Su-27SM iliyoboreshwa ndiyo iliyoweza. Kama ndege yako ni ya 1992, R-77 zirudi kwenye droo, zitakufaa kwenye Su-35S. Na matangi ya ziada ya mafuta msituulize ya Su-27 ya kiti kimoja. Haibebi. Ndani ya mwili wake mnaingia takribani tani 9.4 za mafuta, ndiyo maana wahandisi hawakuona haja. MiG-29 ndiyo yenye tangi la tumboni la lita 1,500, pamoja na vishikio sita vya silaha: R-27 mbili ndani, R-73 nne nje.

Maoni yetu, na wengine dukani hawakubaliani: usijaze. Picha za mazoezi ya kawaida zinaonyesha vishikio vitupu, pengine R-73 mbili tu. Ndege iliyobeba kila kitu huonekana kama iko kwenye maonyesho ya kuuzia silaha.

Kwa ndege za mashambulizi ya ardhini mambo ni mepesi zaidi. Su-25 ina vishikio kumi, na viwili vya nje kabisa ni vidogo kwa sababu ni vya kombora la kujilinda tu. Bomu la kilo 500 hapo halikai. Makasha ya roketi ya B-8M1 yana matundu ishirini ya roketi za milimita 80. Yatoboe matundu kwa ncha ya kuchimbia. Ukiyapaka rangi nyeusi tu yatakusaliti karibu.

Rangi kwa kifupi. Vikombe vya magurudumu ni kijani, hata kama ndege nzima ni buluu. Nyuma, kuzunguka injini za Su-27, ni chuma kitupu kilichoungua, si rangi. Ndege nyingi zilizotoka kiwandani au matengenezoni miaka ya Anatoly Serdyukov akiwa waziri wa ulinzi, 2007 hadi 2012, hasa mwishoni mwa kipindi hicho, zilipakwa kijivu kizito juu na buluu nyepesi chini. Kwa hiyo Su-27 yenye mabaka ya buluu na Su-27SM3 ya kijivu ni hadithi za miaka tofauti.

Kuna ombi tunalolipata sana kutoka kwa wateja wa Afrika Mashariki: Su-30 ya Uganda. Uganda ilipokea Su-30MK2 sita kati ya 2011 na 2012, na ni haki mtu kutaka ndege ya jirani kabatini. Tatizo ni neno Su-30 kwenye boksi. Su-30SM, ambayo kampuni ya modeli ya Zvezda wanaitoa kwa skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), hutengenezwa Irkutsk: ina vijibawa vidogo vya mbele pembeni mwa chumba cha marubani, na mikia ya injini inayogeuka. Su-30MK2 ilitengenezwa Komsomolsk-on-Amur, haina vijibawa hivyo wala injini za kugeuka. Kukata vijibawa na kujaza pengo hakutoshi, kwa sababu umbo la mabega ya mbawa pale ni tofauti. Chukua Su-30MKK, ndugu yake wa China, ambayo Trumpeter wanayo kwa 1/72 na HobbyBoss kwa 1/48. Alama za Uganda hazimo ndani ya maboksi hayo. Tunazichapa wenyewe kwa oda, juu ya karatasi nyeupe, kwa sababu printa yetu haina wino mweupe na njano ikibandikwa moja kwa moja juu ya kijivu hupotea. Itabidi ukate karibu kabisa na ukingo, kwa wembe mpya.

Kabla ya kuagiza, pima kabati. Su-27 ina urefu wa karibu mita 22: kwa 1/72 ni sentimita 30, kwa 1/48 ni 46. Tumewahi kurudishiwa boksi kwa sababu hiyo tu.

Huduma yenyewe iko hivi. Tutumie kwa WhatsApp picha moja ya ndege halisi unayoitaka, ambayo tarehe yake inajulikana, pamoja na skeli unayopenda. Tutakujibu ni boksi gani linafaa, ni dekali zipi uzitumie na zipi uziache, na kila kishikio kibebe nini. Ukinunua kwetu hatutozi ushauri huo; ukinunua kwingine tunatoza kidogo. Kama huna picha, tuambie mwaka na aina ya ndege, tutakutafutia tatu uchague. Wanaoishi pwani tunawawekea na vanishi ya kung'arisha ya kupaka kabla ya dekali, maana alama zikibandikwa juu ya rangi isiyong'aa huacha weupe wa hewa chini yake. Maboksi ya 1/72 mengi tunayo rafuni. Ya 1/48 huja kwa oda, na tunaomba malipo ya nusu kabla ya kuagiza.