Lumpkin alijua

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika juma lililopita kwamba wauza watumwa wa Marekani walikuwa watu wa zama zao, hawakujua ubaya wa kazi yao, amenikosesha usingizi. Nafundisha historia hapa Busia na kauli hiyo naisikia darasani kila mwaka. Nitamjibu kwa mtu mmoja tu, Robert Lumpkin wa Richmond, Virginia.

Mwaka 1844 Lumpkin alinunua gereza la kuwafungia watu waliongoja kuuzwa. Wafungwa wake waliliita Nusu Ekari ya Shetani. Anthony Burns, aliyetoroka utumwani akakamatwa Boston mwaka 1854, alifungwa humo miezi minne akiwa na pingu. Na ndani ya ua huohuo Lumpkin alikuwa akilea watoto wake watano. Mama yao, Mary, alikuwa mtumwa wake. Sheria ya Virginia ilisema mtoto hufuata hali ya mama, kwa hiyo watoto wale walikuwa mali ya baba yao, sawa na farasi wake. Angeshindwa kulipa madeni, wadai wangeweza kuwapiga mnada.

Mabinti wawili akawapeleka shule Massachusetts. Baadaye akawaweka Pennsylvania, ambako utumwa haukuruhusiwa, wasije wakauzwa kufidia madeni yake. Yeye akabaki Richmond na biashara yake, akiuza mabinti wa watu. Sasa huyu hakujua nini? Aliujua mnada kuliko sisi sote, ndiyo maana aliwatorosha wanawe.

Mtoto wa dada yangu, ambaye kwetu ni mwanangu, alipelekwa Ghuba na wakala mmoja kufanya kazi za ndani. Alirudi baada ya miezi minane, mshahara hana, mkononi ana kovu la pasi. Najua kazi ya Ghuba si utumwa wa Richmond, na wapo waliorudi wakajenga. Lakini nilipomfuata yule wakala, alinikaribisha sebuleni kwa heshima, akaagiza soda. Binti yake alikuwa pale anasoma. Alimaliza kidato cha sita mwaka mmoja na wetu. Nikamuuliza kama naye anangoja safari.

"Huyu? Hapana, mwalimu," akasema. "Kule mtu hapeleki mtoto wake."

Mwalimu wa historia,
Busia, Uganda