Fedha za umma zichangie gharama za kuhasi na kufunga kizazi mbwa na paka

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo hujadiliwa kwa nadra, na hata likijadiliwa huishia kwenye mzaha: serikali kutenga fedha za kupunguza gharama za kuhasi madume na kufunga kizazi majike ya mbwa na paka, hasa kwa wafugaji wa kipato cha chini. Najua wapo watakaouliza kwa nini kodi itumike kwa wanyama ilhali watu wenyewe wana mahitaji yasiyokwisha. Swali hilo ni halali. Jibu langu ni kwamba umma tayari unalipa, tena kila mwaka, isipokuwa unalipia madhara baada ya kutokea badala ya kulipia kinga.

Nianze na mfugaji mwenyewe, kwa sababu lawama nyingi humwangukia yeye. Ukimuuliza mtu anayemlisha mbwa wake vizuri na kumlaza pakavu kwa nini hajamfunga kizazi, mara chache atakwambia hataki, atakutajia bei. Na bei hiyo haikutungwa na daktari kwa tamaa. Kumfunga kizazi jike ni upasuaji kamili wa tumbo. Mnyama hupimwa uzito ili kipimo cha nusukaputi kisizidi wala kupungua, hulazwa chali, hunyolewa na kusafishwa ngozi kuanzia kifuani hadi kinenani, kisha daktari hupasua tundu dogo chini ya kitovu na kuutafuta mfuko wa uzazi kwa ndoano nyembamba, auvute nje upande mmoja mmoja, afunge mishipa ya damu ya kila ovari kwa uzi unaoyeyuka mwilini kabla ya kukata, na mwisho ashone matabaka ya tumbo moja baada ya jingine. Fundo moja likilegea, damu humwagikia ndani bila mtu kuiona. Baada ya hapo lazima awepo mtu wa kukaa na mnyama mpaka azinduke, na dawa za maumivu za kwenda nazo nyumbani. Dume la paka, kwa upande mwingine, humalizika kwa dakika chache, na mara nyingi halihitaji hata mshono wa ngozi.

Tofauti hiyo ya kazi, na kwa hiyo ya gharama, ina matokeo ambayo hatuyatazami vya kutosha. Anayezaa ndiye ambaye upasuaji wake ni ghali. Ndiyo maana watu wanapochagua watoto wa mbwa au wa paka wengi huulizia madume, na majike yanayobaki ndiyo hutiwa kwenye kiroba au boksi na kuachwa kando ya barabara, sokoni, au usiku nje ya lango la kituo cha wanyama. Anayefungua boksi la namna hiyo asubuhi hukuta watoto wa paka wa wiki mbili au tatu, macho yamegandana kwa usaha, miili imepoa, na mmoja au wawili wamekwisha kufa chini ya wenzao. Jike linalookoka katika hali hiyo na kukua mtaani ndilo litakalozaa mwaka huohuo. Soko la bei peke yake, kwa maneno mengine, linawasukuma watu kuyaacha bila tiba yale majike ambayo jamii ingenufaika zaidi kuyafunga kizazi.

Na muda wa kuchukua hatua ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano, wakati mwenye nyumba bado anamwita mtoto. Hubeba mimba kwa takriban miezi miwili, na anaweza kupata nyingine angali ananyonyesha. Mbwa jike kwa kawaida huingia kwenye joto mara mbili hivi kwa mwaka, na mimba yake huchukua siku zipatazo 63. Sihitaji kutia chumvi hapa. Kuna hesabu inayozungushwa sana kwamba paka mmoja na vizazi vyake hufikia paka 420,000 kwa miaka saba. Hesabu hiyo hudhani kwamba karibu kila mtoto anaishi na kuzaa, jambo ambalo halitokei, kwa kuwa wengi wa watoto wanaozaliwa mtaani hufa mapema kwa njaa, magonjwa na magari. Watetezi wa wanyama hawajisaidii kwa kurudia takwimu ya aina hiyo. Ukweli wenyewe, kwamba wengi huzaliwa ili wafe, unatosha kuwa hoja.

Sasa niseme kile ambacho umma unalipia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na kwamba mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Takriban asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Gharama za kiuchumi za ugonjwa huo, ukijumlisha tiba, vifo na kipato kinachopotea, hukadiriwa kufikia dola za Marekani bilioni 8.6 kwa mwaka. Kila anayeng'atwa na mbwa asiyejulikana hulazimika kuoshwa kidonda na kuchomwa chanjo kwa awamu kadhaa, na dozi hizo ama hospitali ya umma inazigharamia, ama familia inauza kitu ili izipate. Ongeza hapo ajali za barabarani, mifugo inayoshambuliwa, na mishahara ya watu wanaotumwa kuua mbwa kwa sumu au risasi kila malalamiko yanapozidi.

Hilo la mwisho ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa kuwa mapungufu yake yanajulikana tangu zamani. Mwongozo wa kudhibiti idadi ya mbwa uliotolewa mwaka 1990 kwa ushirikiano wa Shirika la Afya Duniani ulikwisha kuonyesha kuwa kuua pekee hakupunguzi idadi kwa muda mrefu. Sababu si ngumu kuielewa: jaa la taka na mabaki ya chakula yaliyokuwa yakiwalisha mbwa kumi yangalipo baada ya wale kumi kufa, hivyo wengine huingia na watoto wanaozaliwa hupata nafasi ya kuishi. Tena anayeuawa kwanza huwa ni yule mbwa mpole asiyekimbia watu, ambaye aghalabu ana mwenyewe na huenda alikwisha kuchanjwa. Fedha zilizotumika kumchanja huzikwa pamoja naye.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana wapo wanaodai kwamba kufunga kizazi kutamaliza kichaa cha mbwa. Hakutamaliza. Kinachokata mnyororo wa ugonjwa huo ni chanjo, na lengo linalokubalika kimataifa ni kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa wa eneo husika. Lakini kiwango hicho hakidumu pale ambapo mbwa wanakufa na kuzaliwa kwa kasi: unaweza kuchanja vizuri mwaka huu, na mwaka ujao sehemu kubwa ya mbwa utakaowakuta ni watoto wasiochanjwa. Kufunga kizazi kunapunguza kasi hiyo, mbwa waliochanjwa wakaishi muda mrefu zaidi na kinga yao ikabaki ndani ya jamii ya mbwa. Kwa hiyo huduma hizi mbili zitolewe pamoja, mnyama akiwa amelala tayari mbele ya daktari, badala ya kugombania fungu moja.

Wala hili si wazo geni. Mwaka 1971 jiji la Los Angeles nchini Marekani lilifungua kliniki iliyogharamiwa na jiji lenyewe kwa ajili ya upasuaji huu kwa bei nafuu. Mwaka 1994 jimbo la New Hampshire lilianzisha mpango wa ruzuku kwa kuongeza kiasi kidogo kwenye ada ya leseni za mbwa, na idadi ya wanyama waliouawa katika vituo vyake ilishuka sana katika miaka iliyofuata. Katika Marekani nzima, makadirio ya miaka ya 1970 ni kwamba wanyama zaidi ya milioni 10 waliuawa vituoni kila mwaka. Siku hizi ni chini ya milioni moja, ingawa ni haki kusema kwamba kampeni za kuasili wanyama nazo zilichangia.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Jaipur, India, kwa sababu pale wengi wa mbwa ni wa mitaani na mazingira hayana anasa. Kuanzia mwishoni mwa 1994 hadi 2002 mbwa walikamatwa, wakafungwa kizazi, wakachanjwa na kurudishwa palepale walipotoka. Majike waliofikiwa yalipofika takriban asilimia 65, idadi ya mbwa katika eneo la mpango ilikuwa imepungua kwa asilimia 28, na wagonjwa wa kichaa cha mbwa miongoni mwa watu wa eneo hilo walifikia sifuri. India nzima iliweka kanuni za njia hiyo mwaka 2001. Bhutan nayo ilianza mpango wa kitaifa mwaka 2009, ikauendeleza kwa zaidi ya muongo mmoja, na Oktoba 2023 ikatangaza kuwa mbwa wote wa mitaani wamefikiwa, jumla yao ikiwa zaidi ya 150,000. Si nchi tajiri.

Nirudi kwa wale wanaouliza kwa nini mali ya mtu binafsi igharamiwe na wote. Mbwa ni wa mtu mmoja, lakini watoto wake wanane wanaotupwa ni wa mtaa mzima, na anayeng'atwa na mmojawao hakuwahi kuulizwa kama alitaka mbwa. Tunakubali kwamba mfereji unaopita uwanjani kwa mtu uzibuliwe kwa fedha za wote ikiwa mafuriko yake yatafika kwa jirani. Ama kuhusu hofu ya madaktari binafsi wa mifugo kwamba watapoteza wateja, nadhani hofu hiyo inakosea kuwatambua wateja wenyewe: asiyeweza kulipa bei kamili hakuwa mteja wao tangu mwanzo. Kinachofaa ni serikali kuwalipa madaktari haohao kwa kila upasuaji, kwa kiwango kilichokubaliwa, mfugaji naye akachangia kiasi anachokimudu.

Hata hivyo, ruzuku ikipangwa vibaya itawanufaisha wenye uwezo, ambao wana gari la kumpeleka mnyama kliniki na muda wa kupanga foleni siku ya kazi. Ndiyo maana ningependa fedha hizo zifuate vigezo viwili kabla ya vingine vyote: kipato cha mwenye mnyama, na jinsia ya mnyama. Majike kwanza. Dume mmoja asiyehasiwa anatosha kupanda majike mengi, kwa hiyo kuhasi madume tisa kati ya kumi kunaweza kusibadili idadi ya watoto watakaozaliwa, ilhali kila jike anayefungwa kizazi ni mimba kadhaa zilizoondolewa moja kwa moja. Kliniki za magari ziwafuate watu waliko. Paka wa mitaani wasio na mwenyewe, ambao wengi wao hawashikiki, wakamatwe kwa mitego, wafungwe kizazi, wakatwe ncha ya sikio moja wakiwa wamelala ili wasije wakapasuliwa mara ya pili, na warudishwe walikotoka.

Wafugaji nao waambiwe ukweli wote. Jike lililofungwa kizazi haliwezi kupata usaha wa mfuko wa uzazi, ugonjwa unaoua mbwa wengi wa umri mkubwa, na likifungwa kabla ya joto la kwanza uwezekano wa uvimbe wa saratani ya matiti hupungua mno. Upande wa pili ni kwamba baadhi ya mbwa hunenepa wasipopunguziwa chakula, kwamba kwa mbwa wa maumbile makubwa madaktari wengi hushauri kusubiri mpaka mifupa ikomae, na kwamba kuhasi hakumgeuzi mbwa mkali aliyezoeshwa ukali kuwa mpole. Mfugaji aliyeahidiwa miujiza ndiye atakayewaambia majirani kwamba mpango mzima ni ulaghai.

Ombi langu kwa wenye dhamana ya bajeti ni kuepuka kampeni za wiki moja zinazofunguliwa kwa hotuba na kupigwa picha. Mbwa mia mbili wakifungwa kizazi mwezi huu na asifungwe hata mmoja kwa miaka mitatu inayofuata, majike yaliyobaki yatajaza pengo hilo na mia mbili wale watakuwa wamepasuliwa bila faida kwa mtaa. Fungu hili liwe la kila mwaka, lianze na eneo dogo ambalo linaweza kufikiwa kikamilifu, mbwa na paka wa eneo hilo wahesabiwe kabla na baada, na hesabu hizo pamoja na matumizi zichapishwe ili mlipa kodi aone kama idadi inapungua. Isipopungua ndani ya miaka michache, fungu lisimamishwe mpaka sababu ijulikane.

Wako,
Msomaji na mfugaji wa paka