Mkulima wa Kirumi

Morogoro, Jumapili jioni

Ndugu yangu Damiani,

Salamu nyingi. Umeniuliza agricola, yaani mkulima kwa Kilatini, ametokea wapi, maana kwenye kamusi umekuta ager tu, yaani shamba. Umenikumbusha mtihani ule wa seminarini nilipoandika "colager", darasa zima likacheka, wewe ukiongoza.

Nilikuwa nafikiri Kiswahili. Sisi mtendaji tunamtanguliza: mfanyakazi, mshikabendera. Mrumi humweka nyuma. Huchukua agr-, hutia i ya kuungia, kisha -cola, inayotokana na colo, nalima. Basi ni kama kusema "shambamlimaji"! Hata wingi unafuata njia hiyo: sisi tunagusa mbele, wafanyakazi, wao wanagusa mwisho, agricolae.

Utamu wenyewe uko kwenye irabu. Cano ni naimba, au napiga ala, lakini mpiga tarumbeta ni tubicen. Facio ni nafanya, fundi ni artifex. Ile a imekwenda wapi? Zamani sana Kilatini kilitia mkazo kwenye silabi ya kwanza, zilizofuata zikanyong'onyea. Silabi ikifungwa na konsonanti, a inakuwa e. Ikiachwa wazi, inakuwa i. Ndiyo maana ni artifex, lakini "ya fundi" ni artificis. Tulikariri miezi mizima kitu cha kueleweka kwa dakika tano!

Respublica, yaani jamhuri, usiichanganye na hizo. Hayo ni maneno mawili yanayolala kitanda kimoja, na kila moja hubadilika kivyake: "ya jamhuri" ni reipublicae. Mwanamke, wanawake, umeona?

Warumi wenyewe hawakujivunia sana ufundi huu. Mshairi Pacuvius aliwaita viumbe wa baharini incurvicervicum, wenye shingo zilizopinda, na Quintilianus, mwalimu wa ufasaha, akaandika kwamba neno kama hilo ni shida kulisikia bila kucheka. Mambo hayo, alisema, yanawafaa zaidi Wagiriki.

Mimi nampenda caprimulgus, "mkamua mbuzi". Ni ndege wa usiku. Plinius, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba huingia zizini na kunyonya mbuzi, kumbe maskini anakula wadudu tu. Kasingiziwa kama mpasuasanda wetu.

Carnifex nakuachia. Caro ni nyama, na -fex unaijua sasa. Ila huyo si mwenye bucha. Ukishajua kazi yake niandikie, na shemeji msalimie.

Wako,
Kasiani