Sufuria moja Jumapili

Assalaam aleikum wanafamilia. Jumapili hakuna pilau. Ni sufuria moja tu, ile kubwa ya shughuli. Alfajiri nitakuwa soko la samaki la Feri kuchukua kaa na kamba kabla wachuuzi hawajawamaliza wazuri. Viazi na mahindi vinatangulia na kitunguu saumu, tangawizi na chumvi ya kutosha. Vikikaribia kuiva ndipo kaa, dakika 10 hivi, halafu ngisi na kamba mwisho kabisa. Kamba wakigeuka rangi tu, epua, kamulia ndimu. Mara ya mwisho tulinogewa na soga, tukaishia kutafuna mpira! Shangazi, pweza wako tafadhali aje ameshachemshwa, yule hana haraka. Anayedhurika na kamba aniambie leo, nimpikie kando. Majani ya mgomba ya kumwagia chakula ninayo.