Kikao cha Jumamosi: utalii wa ngono hapa kwetu Malindi

Asalaam aleikum na habari za jioni, wapendwa.

Tunakutana Jumamosi saa tisa alasiri. Mahali nitamwambia kila mtu pembeni, mnajua kwa nini.

Naomba tusianze na ule wimbo wa "wasichana wa siku hizi". Utafiti wa UNICEF na serikali wa 2006 kuhusu watoto wanaotumiwa kingono Pwani, Malindi ikiwemo, ulikuta Wakenya ndio wanaoongoza kati ya wateja, asilimia 38. Wataliano 18. Kumtupia Mzungu lawama zote ni rahisi mno, ingawa pesa zake ndizo zinazopandisha bei ya kila kitu hapa.

Nataka tukae zaidi kwenye hili: binti akionekana na mgeni anaitwa malaya, bichi boi (kijana wa ufukweni) akiwa na bibi wa kizungu anaulizwa ujenzi wa nyumba yake umefika linta? Na kijana anayekwenda na wanaume hatajwi kabisa. Akidhulumiwa au akipigwa, ataripoti wapi, wakati vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha ngono kati ya wanaume, bado vipo na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019? Mteja anajua hivyo, ndiyo maana anamtisha.

Watoto ni suala lingine. Chini ya miaka 18 ni uhalifu, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imesema, hatutajadili.

Picha marufuku. Nauli ya tuktuk tutarudisha. Mwenye mtoto mchanga aje naye.