Zai, ya mlango umemwambia?

Zai mambo,

Salamu nyingi baadaye, sisi wazima. Dula kaniambia umeanza dawa za sonona, yaani wewe kimya miezi yote hiyo halafu habari zako nazipata kwa Dula, mtu asiyejua kufunga mdomo! Haya yaishe. Ila shosti, ulimwambia daktari ya mlango? Na ya kunawa mikono?

Maana nakujua, utakuwa umesema hulali, huna raha na kitu, basi kaandika sonona, na kweli ipo. Lakini mimi tuliyepanga wote nilikuwa nakuona unavuta kitasa unahesabu, unatoka, unarudi unavuta tena huku machozi yanakulengalenga kwa sababu unajua kabisa umefunga. Hiyo ni OCD, ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania kichwani na kukulazimisha kurudia kitu, sio "usafi" kama anavyosema Mama Rehema. Na mara nyingi yenyewe ndo inatangulia, sonona inafuata nyuma: masaa yote yanaliwa na kukagua, aibu, unajitenga na watu, unachoka mpaka moyo unaanguka. Wengi wenye OCD wanapitia na sonona.

Nakomalia hivi kwa sababu dawa ni zilezile zinazogusa serotonini, kemikali ya kwenye ubongo, ila OCD mara nyingi inataka dozi kubwa zaidi, na kusubiri hata wiki 8 mpaka 12 ndo uone mabadiliko, sasa daktari asipojua wewe utasema hazifanyi kazi utazitupa (usiache ghafla tafadhali!). Halafu kuna tiba yake kabisa, mtaalamu anakusogeza kidogokidogo kwenye kile unachokiogopa ila hukagui, hunawi, unakaa na hofu mpaka upoe. Inatesa mwanzoni, ila inasaidia wengi.

Na yale mawazo mabaya kuhusu mtoto yanayokujia yenyewe, uliyonidokeza ukakatisha... yaseme pia. Yanakutisha hivyo kwa sababu huyataki, na madaktari wa akili wanayajua sana hayo. Ya mlango usiponyoosha maneno watatibu nusu tu.

Sasa unarudi lini hospitali? Nije twende wote? Unakula? Kuna siku unatamani usiwepo? Nijibu kweli, na kama ipo nipigie hata saa nane usiku, usisubiri kliniki. Mumeo anajua au umemficha na yeye? Na koti langu jeusi liko kwako au Dula kalichukua?

Wako,
Mwana